Pesa Zako Zilizolala kwa Serikali za Majimbo na Kaunti Marekani: Maswali Tunayoulizwa Kila Jumamosi

Kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi nakaa kwenye meza ya kukunja katika ukumbi wa jumuiya yetu ya wahamiaji hapa Columbus, Ohio, nikiwa na kompyuta moja na printa inayopenda kutafuna karatasi. Watu huja na barua wasizozielewa, fomu za shule, bili za hospitali. Siku hizi wengi wanakuja na swali moja: "Eti kuna pesa serikalini zenye jina langu?" Nimeyaandika hapa maswali yenyewe kama yanavyoulizwa, na majibu ninayoyatoa.

Kwani serikali inanipa pesa za bure?

Hakuna cha bure hapa. Pesa ni zako tangu mwanzo. Ulikuwa unaidai kampuni, kampuni ikatuma hundi kwenye anwani uliyokwisha kuhama, barua ikarudi, mambo yakaishia hapo. Sheria hairuhusu kampuni izile pesa hizo. Baada ya muda uliowekwa lazima izikabidhi kwa jimbo, pamoja na jina lako na anwani ya mwisho iliyokuwa nayo. Jimbo linazitunza mpaka mwenyewe ajitokeze.

Majimbo yote 50 yana ofisi ya kazi hii, na Washington, D.C. pia. Jina la ofisi hubadilika: Kentucky iko chini ya Mweka Hazina wa jimbo, Texas chini ya Mdhibiti wa Fedha, hapa Ohio na kule Minnesota chini ya Idara ya Biashara. Chama cha wasimamizi wa ofisi hizi, NAUPA, husema mtu 1 kati ya 7 nchini ana kitu kinachomsubiri. Mimi naamini kwa watu wetu idadi ni kubwa zaidi, kwa sababu tunahama sana na majina yetu yanaandikwa ovyo.

Ni pesa za aina gani hasa?

Nitataja zile ninazokutana nazo mezani. Ya kwanza ni mshahara wa mwisho. Mtu anafanya kazi ghalani kupitia wakala wa ajira, anapata kazi bora sehemu nyingine, anaacha katikati ya wiki. Zile siku tatu za mwisho zinalipwa kwa hundi ya karatasi ambayo haifiki. Ya pili ni dipoziti ya umeme, gesi au maji: ulipofika huna historia ya mkopo, wakakutoza dipoziti, ukahama, wakakurudishia kwa anwani ya zamani. Halafu dipoziti ya nyumba, marejesho ya bima ya gari, hela uliyolipa zaidi hospitalini, akaunti ya benki uliyofunguliwa wiki ya kwanza baada ya kushuka ndege ukaisahau, bima ya maisha ya kazini ambayo marehemu hakumwambia mtu.

Mimi mwenyewe nilijitafuta kwa mzaha nikimfundisha kijana mmoja namna ya kutumia tovuti. Nikakuta dola 83 za kampuni moja ya umeme, kutoka kwenye chumba nilichopanga miaka 9 nyuma. Wakati ule niliwapigia simu mara mbili kuwapa anwani mpya, wakasema imeshaandikwa. Kumbe haikuandikwa.

Nyumba na magari hayamo katika mfumo huu. Hisa zimo, ila jimbo linaweza kuziuza na kukuwekea pesa taslimu. Vitu vya kwenye masanduku ya benki vimo pia, na baada ya muda hupigwa mnada.

Mwajiri wangu wa zamani ananidai... samahani, namdai mimi. Pesa inafika kwa jimbo baada ya muda gani?

Inategemea aina ya pesa na jimbo. Katika majimbo mengi mshahara ni mwaka 1. Akaunti ya benki ni miaka 3 hadi 5 bila wewe kuigusa. Baada ya hapo kampuni hutakiwa kwanza kukutumia barua ya mwisho (ndiyo ile barua inayofanana na tangazo, ambayo sote tunaitupa), kisha inaripoti mara moja kwa mwaka, na majimbo mengi yameweka mwisho wa Oktoba au tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo kama umeacha kazi mwezi uliopita, usihangaike na tovuti ya jimbo. Mpigie mwajiri. Pesa bado anayo yeye.

Naanzia wapi kutafuta?

Ingia unclaimed.org. Hiyo ni tovuti ya NAUPA, ina ramani; ukibonyeza jimbo inakupeleka kwenye tovuti halali ya jimbo hilo. Pia kuna MissingMoney.com, inayotambuliwa na NAUPA, ambayo inatafuta majimbo mengi kwa pamoja. Nasema mengi, si yote, na hata yale yaliyomo taarifa zake zinaweza kuchelewa. Mimi naanza na MissingMoney kupata picha, halafu naingia tovuti ya kila jimbo ambalo mtu amewahi kuishi. Kutafuta ni bure. Kudai ni bure. Ukiona tovuti inaomba kadi ya benki kabla ya kukuonyesha jina lako, funga.

Nimetafuta, jina langu halipo.

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko swali lolote lingine. Umetafuta jina lako sahihi. Sasa tafuta jina lako lililokosewa.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Uvira, aliyeishi kambini Nyarugusu kabla ya kuletwa Marekani. Karatasi zake zote ziko kwenye ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na mpaka leo hakubali kuzitia kwenye kitu kingine. Tukatafuta jina kama lilivyo kwenye grini kadi, hakuna. Tukageuza jina la ukoo likawa la kwanza, hakuna. Nikamwuliza, "Mama, kazini walikuwa wanakuitaje?" Akacheka, akasema msimamizi alishindwa kulitamka akawa anamwita kwa nusu ya mwanzo tu. Tukaandika ile nusu, pamoja na jina la ukoo likiwa limepungua herufi moja. Likatokea, na anwani ya ghorofa alilopangishiwa na shirika la wakimbizi mwaka wa kwanza. Mshahara wa wiki mbili.

Kwa hiyo jaribu hivi. Geuza mpangilio, kwa sababu Mkongomani mwenye majina matatu huku Marekani hupoteza moja, na huwezi kujua lipi. Jaribu y na i, k na c, l na r: Yusufu, Yussuf, Yousouf, Mwajuma, Mwanajuma, Zawadi, Zawady. Unganisha majina mawili yawe neno moja, kisha yatenganishe. Jaribu jina la ukoo peke yake na mji uliokuwa unaishi. Kama viza yako ilitoka na jina moja, jaribu FNU kama jina la kwanza. Hiyo ni alama yao ya kusema jina la kwanza halijulikani, na kompyuta za kampuni huichukua kama jina la mtu kweli. Kina mama, jaribuni jina la kabla ya ndoa. Na kama uliwahi kuwa na biashara ndogo ya kusafisha maofisi au kuendesha lori, tafuta jina la biashara.

Jambo moja la kuangalia: wengi wetu kwenye karatasi tumezaliwa tarehe 1 Januari. Kuna watu wawili hapa mjini wenye jina moja, ukoo mmoja, na siku hiyohiyo ya kuzaliwa. Ukiona jina lako, soma anwani kabla hujadai. Kama hujawahi kuishi mtaa huo, si yako.

Nimeishi majimbo manne. Nitafute wapi?

Yote manne. Kanuni iliwekwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1965, katika kesi ya Texas dhidi ya New Jersey: pesa huenda jimbo la anwani yako ya mwisho iliyoandikwa kwenye vitabu vya kampuni. Kampuni ikiwa haina anwani yako kabisa, pesa huenda jimbo ambako kampuni imesajiliwa, na kampuni nyingi kubwa zimesajiliwa Delaware. Jimbo dogo lile, lakini liangalie.

Mani oda ni tofauti. Sheria ya shirikisho ya 1974 inasema inaenda jimbo ilikonunuliwa. Uliinunua dukani Indiana huku ukilala Ohio? Itafute Indiana, na uwe na kile kijikaratasi chenye namba.

Mimi si raia. Nikidai, nitajiletea matatizo ya uhamiaji?

Umiliki wa pesa hautegemei uraia. Ofisi inataka kujua kitu kimoja: wewe ndiye yule aliyeandikwa? Mwenye grini kadi, mkimbizi, mwanafunzi, hata aliyekwisha kurudi Mombasa au Bujumbura, wote wanaweza kudai kilicho chao. Aliye nje ya nchi ajiandae tu kwamba malipo mengi huja kwa hundi ya Marekani, na kuibadilisha hundi hiyo nyumbani ni safari ndefu. Kama una akaunti ya huku bado iko hai, usiifunge kabla hujamaliza.

Wanataka karatasi gani?

Kwa kawaida vitatu: kitambulisho chenye picha, uthibitisho wa namba ya Social Security, na kitu kinachokuunganisha na ile anwani ya zamani. Hicho cha tatu ndicho kinachowashinda watu. Nani ametunza bili ya gesi ya miaka 7 iliyopita? Lakini fikiria: fomu ya W-2 ya mwaka ule (ile ya mshahara anayokupa mwajiri kwa ajili ya kodi) ina anwani. Nakala ya kodi uliyowasilisha ina anwani, na IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, hutoa muhtasari wake bure. Barua ya shule ya mtoto, mkataba wa nyumba, hati ya kusafirisha gari, hata bahasha yenye muhuri wa posta wakati mwingine hukubaliwa.

Jina likiwa limekosewa, ambatisha kitu kinachoonyesha kwamba majina mawili ni mtu mmoja: hati ya ndoa, hati ya uraia kama ulibadilisha jina wakati wa kuapishwa, au kiapo mbele ya notari. Kiasi kikiwa kikubwa fomu yenyewe nayo hutakiwa kugongwa muhuri wa notari. Benki yako huenda inafanya hivyo bure kwa wateja wake. Uliza kabla hujalipa mtu.

Kiasi kikiwa kidogo mambo huwa mepesi. Majimbo kadhaa hulinganisha namba ya Social Security na rekodi, ikioana wanalipa bila kuomba karatasi. Pennsylvania imekwenda mbali zaidi: kwa sheria ya 2024, mwenye kitu kimoja kisichozidi dola 500 anaweza kutumiwa hundi bila hata kudai. Ningependa majimbo yote yaige.

Naogopa kuandika namba yangu ya Social Security kwenye intaneti.

Vizuri uogope. Kwenye tovuti ya jimbo uliyoifikia wewe mwenyewe, wakati wa kudai, ni kawaida kuombwa. Kwa mtu aliyekupigia simu, usiitoe.

Nimepata ujumbe kwenye WhatsApp kwamba nina dola 4,800 na nilipe 150 za usajili.

Wezi. Jimbo halitozi ada ya kudai na halianzishi mazungumzo nawe kwenye WhatsApp. Akikutumia mtu unayemfahamu, mara nyingi naye ametumiwa, anadhani anasaidia.

Wapo pia watafutaji halali, kampuni zinazokuandikia barua: "tumekupatia pesa, saini hapa tugawane." Si wezi, ila wanachukua majina kwenye orodha ileile ya wazi. California na Texas zimewawekea kikomo cha asilimia 10. Ukipata barua ya namna hiyo, ishukuru kwa taarifa, kisha nenda tovuti ya jimbo uchukue zote mwenyewe.

Mume wangu amefariki na jina lake lipo kwenye orodha.

Pole sana, mama. Unaweza kudai, lakini karatasi zinaongezeka: cheti cha kifo, na hati inayoonyesha nani mrithi. Kama mirathi ilifunguliwa mahakamani, msimamizi ndiye anayedai. Kama haikufunguliwa na mali ni ndogo, majimbo mengi hukubali hati ya kiapo ya mirathi midogo, na fomu yake mara nyingi iko kwenye tovuti ya mahakama ya kaunti.

Ugumu wetu uko kwenye maneno ya ukoo. Kwetu, baba mdogo ni baba, na mtoto wa ndugu uliyemlea ni mwanao. Kwenye fomu ya Marekani baba mdogo ni ndugu wa baba, na mtoto uliyemlea bila hati ya mahakama si mrithi wako. Nimeshaona dai likirudishwa kwa sababu kijana aliandika "baba" kwa mtu ambaye cheti cha kuzaliwa hakimtaji. Andikeni uhusiano kama karatasi zinavyosema, hata kama moyo unakataa. Na ndoa ya kimila au ya msikitini isiyosajiliwa inahitaji ushauri wa mwanasheria. Ofisi za msaada wa kisheria za bure zipo katika miji mingi.

Umesema kaunti. Kaunti nazo zina pesa?

Zina, na hapa ndipo watu hawatafuti kabisa. Si kila pesa ya mji au kaunti inapelekwa kwenye orodha ya jimbo. California, kwa mfano, miji na kaunti hushikilia zenyewe hundi ambazo hazikuchukuliwa. Zikikaa miaka 3 hutangazwa gazetini, na asipotokea mtu zinakuwa mali ya mji au kaunti hiyo. Kwa hiyo fungua tovuti ya mweka hazina wa kaunti yako na ya mji wako, kila moja peke yake.

Angalia dhamana za mahakamani. Kijana akikamatwa tunachanga, tunatoa pesa taslimu, anatoka. Kesi ikiisha pesa inarudi kwa jina lililoandikwa kwenye risiti, ambalo si jina la mshtakiwa wala la jumuiya, ni la yule aliyesimama dirishani siku hiyo. Akiwa amehama, hundi inabaki kwa karani wa mahakama. Mahali pengine faini na ada hukatwa kwanza. Wenye kuweka hesabu za michango, andikeni nani alishika risiti.

Kubwa kuliko zote ni ziada ya nyumba iliyouzwa kwa deni la kodi. Bibi mmoja wa Minneapolis, Geraldine Tyler, alikuwa na nyumba ndani ya jengo la ghorofa. Deni la kodi pamoja na riba na adhabu likafika kama dola 15,000. Kaunti ya Hennepin ikaiuza kwa dola 40,000 na kubaki na zote. Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 94, Mahakama Kuu ilimpa haki, majaji wote kwa pamoja: kaunti haiwezi kumeza ile ziada. Kama nyumba yako au ya mzazi wako iliuzwa hivyo, mwandikie mweka hazina wa kaunti leo, kwa sababu muda wa kudai ziada huwa mfupi. California ni mwaka 1 tangu hati ya mauzo kusajiliwa.

Kuna mwisho wa kudai?

Kwa miaka mingi nilikuwa najibu kwamba hakuna, jimbo linatunza milele. Majimbo mengi bado ni hivyo. Hapa Ohio, sheria ya bajeti ya 2025 imebadilisha mambo: ilitenga dola milioni 600 kutoka kwenye pesa hizi kwa ajili ya uwanja mpya wa Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani, na ikaweka kwamba pesa zilizokaa miaka 10 zinaweza kuwa za jimbo. Zile za zamani, za kabla ya 2016, wenyewe wamepewa mpaka mwanzo wa 2036. Watu wameipinga mahakamani. Sina chuki na mpira wao, lakini dola zangu 83 ningechukia kuziona zimekuwa kiti cha uwanja.

Zitakatwa kodi? Na nikiwa napokea msaada?

Dipoziti yako ikirudi si kipato. Ilikuwa pesa yako. Mshahara au riba huweza kuhesabiwa. Anayepokea SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, awe makini zaidi: kikomo cha mali kwa mtu mmoja ni dola 2,000, kwa hiyo toa taarifa hundi inapoingia.

Na pesa za serikali ya shirikisho?

Haziko mahali pamoja. Mishahara iliyorejeshwa na Idara ya Kazi baada ya ukaguzi wa mwajiri hutafutwa kwenye tovuti ya idara hiyo, nao hushikilia miaka 3 kabla ya kuzipeleka Hazina. Marejesho ya kodi ya IRS nayo kwa kawaida yana miaka 3 ya kuyaomba. Pensheni za kampuni zilizokufa ziulizie PBGC, shirika la serikali linalolinda pensheni hizo.

Mimi ni Mkenya. Nyumbani je?

Kenya ina mamlaka moja ya taifa, UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Inashika akaunti za benki, hisa, bima, na hata salio la pesa za simu lililokaa miaka 2 bila kuguswa. Ukiwa na laini ya Kenya piga *361# uangalie.

Nimedai miezi mitatu iliyopita. Kimya.

Madai mepesi huchukua wiki chache, yenye mirathi huchukua miezi; California sheria inawapa hadi siku 180. Ulipodai ulipewa namba. Iingize kwenye tovuti uone hali yake. Mara nyingi utakuta wameandika kwamba wanasubiri karatasi kutoka kwako, na barua ya kukueleza hivyo imetumwa kwa posta. Na ukihama wakati dai linaendelea, wapigie ubadilishe anwani siku hiyohiyo. Nimeshaona hundi ya jimbo ikirudi kwa jimbo, na mwenyewe akaja mezani kwangu kuanza upya.